Nyika Nyekundu

Kilichoninyima usingizi msimu ule hakikuwa hofu ya kuwa nimesema uongo. Uongo ningeukanusha, nikaomba radhi, yakaisha. Nilichoogopa ni kwamba huenda nilikuwa nimesema kweli bila kujua. Watu walikuwa wanafunga mizigo kwa sababu ya maneno yangu. Kama maneno yale hayakuwa na msingi, ilinipasa kuwaambia waache. Lakini kama yalikuwa na msingi, nikawaambia waache, lori lingewakuta wamekaa. Na mimi sikujua lipi ni lipi. Nililala chali nikisikiliza mvua juu ya mabati, nikianza hoja upya kila nilipofika mwisho wake.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu muda si mrefu, nikapangiwa kusimamia elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha milimani juu ya Lukozi, pale barabara inapokwisha na kuanza njia ya miguu. Mimi ni mtu wa Dodoma. Sikuwa nimewahi kuona ukungu unaingia darasani kupitia dirishani na kukaa na wanafunzi mpaka saa nne. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wangu. Nyumbani alizungumza Kishambaa na binti zake, na akigeukia kwangu alibadili kwenda Kiswahili bila kusita, kama mtu anayehamisha jembe kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Shambani mwake, nyuma ya nyumba, alikuwa na viazi na maharage vilivyoteremka hatua kwa hatua hadi kwenye kijito.

Kitabu tulichopewa cha kufundishia kilihusu pamba. Kule juu hakuna pamba. Watu wa kabichi na viazi walisoma habari za pamba kwa utii mkubwa, wakasinzia. Walipokimaliza hatukuwa na kingine, na niliona wazi kwamba herufi walizozipata kwa jasho zingewatoka tena kama hazikupata kazi.

Ndipo nikakumbuka vitabu vyangu. Chuoni nilikuwa na ugonjwa wa hadithi fulani za Kiingereza, vijitabu vya karatasi ya manjano nilivyonunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vikuukuu kando ya barabara. Vilikuwa hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande: nahodha anaanguka na chombo chake kwenye sayari nyingine, na kila kitabu kinakwisha akiwa mahali pabaya. Nilivisoma kwa kujificha. Wenzangu walisoma habari za ukombozi, na mimi nilihofia kuulizwa nahodha huyo ni wa tabaka gani.

Nikaanza kuwasimulia kidogo kidogo mwisho wa kipindi, kisha nikaandika sentensi chache ubaoni ili wazisome wenyewe. Kikwazo cha kwanza kilikuwa neno sayari. Nilisema ni kama dunia, ila iko angani. Bwana mmoja mchuuzi wa kabichi, ambaye hakuweza kupitisha kipindi bila mzaha, aliuliza kama ni mbali kupita Tanga. Watu wakacheka. Nikajaribu nyota, lakini nyota nilikwisha kuwafundisha kwamba ni moto, na mama mwenye nyumba wangu akataka kujua nahodha anakanyagaje moto. Basi nikaacha jina nikaeleza pakoje. Nikasema ni nchi tambarare, kavu, udongo mwekundu, miiba, vumbi, jua halina kizuizi, maji yako chini sana. Nilieleza vizuri, tena kwa mapenzi, kwa kuwa nilikuwa naeleza kwetu.

"Hiyo nyika," mama akasema, na darasa zima likaitikia kwamba ndiyo, hiyo ni nyika.

Nikafurahi kupata neno. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NYIKA NYEKUNDU. Kwangu nyika lilikuwa neno la somo la jiografia. Sikujua kwamba kwa Mshambaa dunia ina sehemu mbili, huku juu na nyika, na kwamba nyika ni kule chini kunakoonekana mtu akisimama ukingoni mwa milima: mahali pa homa na mashamba ya katani, mahali ambapo babu zao walikwenda kwa mkataba na wengine hawakupanda tena. Mtoto akigoma kulala anaambiwa atapelekwa nyika.

Darasa likajaa. Walikuja hata waliojua kusoma tangu zamani, wakaja na vigoda vyao. Nikafika kitabu ambacho watawala wa sayari ile wanatuma vyombo vyao majabalini, wanawakusanya watu wanaoishi kwenye mapango huko juu, wanawateremsha na kuwaweka kwenye nyumba zilizopangwa mistari, ili wahesabike na wagawiwe maji. Nahodha yumo miongoni mwao. Siku hiyo hata mchuuzi wa kabichi hakusema kitu. Nilikwenda nyumbani nikiamini kwamba nimesimulia kwa ustadi.

Kuanzia hapo maswali yakabadilika. Mmoja aliuliza maji yale yako mwendo gani kutoka kwenye nyumba. Mwingine aliuliza kama kila familia inapewa nyumba yake au wanachanganywa. Mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni aliuliza kuhusu mbuzi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mbuzi hawaishi kule, na nikashangaa kumwona amefumba macho. Nilidhani nimepata wanafunzi wenye fikra pana. Nilianza hata kutunga ripoti kichwani.

Halafu mchuuzi wa kabichi akaniuliza, bila mzaha wowote, kama lori litakuja kabla ya mavuno au baada yake.

"Lori gani?" nikauliza.

"Mwalimu," akasema polepole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutunza heshima, "hicho unachokiita chombo."

 Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Redio ilitaja kila juma sehemu ambazo watu walikwisha kuhamishwa, na nyumbani kwetu palikuwa miongoni mwazo. Baba alikuwa amenieleza kwamba sasa wana bomba karibu. Mama hakunieleza chochote, ila alipanda miche ya miti ileile aliyokuwa nayo kule walikotoka, na haikushika. Nami, mtumishi wa serikali, nilikuwa nimesimama mbele ya watu wa mlimani kipindi baada ya kipindi, nikiwaeleza jinsi watu wa mlimani wanavyopelekwa nyika.

Nilijaribu njia ya woga kwanza. Nikaubadili mwisho wa kitabu. Nikasimulia kwamba watu wa mapangoni waliasi, wakashinda, wakarudi majabalini kwao, wakakuta moto wa jikoni ungali na makaa. Hakuna aliyefurahi. Walitazamana. Baadaye nilisikia wakisema njiani kwamba mwalimu ameonywa, ndiyo maana ameanza kulainisha.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ishara. Gulio la Lukozi lilijaa mbuzi, na bei yao ikaanguka. Binti wa mama mwenye nyumba alikuwa anashona magunia. Siku moja asubuhi nilitoka nje kunawa uso nikamkuta mama yuko shambani, akifukua viazi ambavyo bado vilikuwa na majani mabichi. Alivyotoa vilikuwa vidogo kama ndimu, ngozi ikitoka kwa kidole. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka.

Aliniambia kwamba anakwenda Bungu, hukohuko milimani, kwa ndugu zake, yeye na mabinti, kabla watu wote hawajafikiria Bungu. Wengine wanasubiri waone atakavyofanya yeye. Akimaliza tuta lake la mwisho, nao wataanza. Nilitazama mteremko wa jirani, na ule uliofuata. Kote kulikuwa kijani. Nilijua kwamba viazi vikifukuliwa sasa, hakuna nyumba itakayokuwa na chakula cha kuiendesha hadi mvua nyingine.

"Mama, ile ni hadithi tu," nikasema. "Mtu aliketi akaitunga. Nchi ile iko angani."

"Hata matuta yalianza hivyo." Aliegemea jembe. "Wakati wa Mwingereza alikuja kijana kama wewe, msafi, mpole, ana kitabu. Akatuonyesha picha za milima ya watu wengine. Tukasema, hiyo si yetu. Baada ya muda tukawa tunachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa amri, na asiyechimba anashitakiwa."

"Mimi sikutumwa na mtu."

"Unakula mshahara wa nani?"

Nikaokota kiazi kilichobingirika hadi miguuni mwangu.

"Sikulaumu, mwanangu. Umetumwa utuzoeshe, umetuzoesha. Wengine hawakuzoeshwa, waliamshwa tu." Akafuta udongo kwenye kiazi na kukitupa ndani ya kikapu. "Haya, niambie neno moja. Unajua kwamba hatutahamishwa? Usiniambie unadhani. Sema unajua."

Hapo ndipo elimu yangu yote iliponisaliti, kwa kuwa nilichofundishwa ni kutosema ninajua bila kujua. Nilitafuta namna ya kuligeuza swali. Sikuipata.

"Sijui, mama."

"Basi niache nichimbe."

Mchana wa siku ileile katibu kata alikuwa na mkutano kwenye kiwanja cha shule. Sikunuia kufanya lolote. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Njiani nilijipangia mambo yote yanayoweza kumpata mtu: kuhamishwa kituo, kuitwa Lushoto kujieleza, kuandikwa mchochezi, kuulizwa vitabu vile vya kigeni nimevitoa wapi na kwa nini vinasema serikali inakusanya watu. Niliona jinsi ambavyo ningejibu kila swali, na jinsi kila jibu lingeonekana baya zaidi kuliko lililotangulia. Nilifika nikiwa nimechoka kama niliyekwisha kuhojiwa.

Katibu alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa mikutano iishe mapema. Alizungumza habari za mbolea. Alizungumza habari za kutolima kando ya kijito. Watu waliinamisha vichwa na kuchezea nyasi. Mwisho akauliza kama kuna maswali, na nilikwisha kuijua desturi ya pale: hakuna anayeuliza mkutanoni. Balozi wa nyumba kumi anahesabu kimya hadi kinatosha, anapiga makofi, wote wanapiga, na maswali yanaulizwa njiani wakati wa kurudi, ambako hakuna wa kuyajibu.

Niliitazama mikono ya balozi. Ilikuwa imeanza kukaribiana. Nikaona kwamba yakipigwa makofi, mama atarudi shambani, na kesho mteremko wote utakuwa mwekundu kwa udongo uliofukuliwa. Mimi peke yangu sikuwa mtu wa pale. Desturi ile haikunifunga, na kama ningeshitakiwa, ningeshitakiwa bila kuacha shamba wala kaburi la mtu wangu. Kwa mara ya kwanza hoja yangu ilifika mwisho bila kuanza upya. Nikasimama. 

"Ndugu katibu," nikasema, "je, kuna mpango wa kuwahamisha watu wa hapa kwenda nyika?"

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Mikono ya balozi ilibaki hewani.

"Nani anasema hivyo, mwalimu?"

"Ninauliza mimi."

"Umesikia wapi?"

Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu nyota na sayari na nahodha, niliyoyafanyia mazoezi njia nzima. Yote yakanitoka. "Watu wanafukua viazi kabla havijakomaa, ndugu katibu. Wanataka kujua wavikuze au wavichimbe."

Akamtazama balozi, akatazama karatasi yake ya mbolea, kama labda jibu limeandikwa huko. "Mimi sijaletewa amri ya namna hiyo," akasema.

Nyuma yangu mtu alishusha pumzi. Ningeweza kukaa hapo. Kila kitu mwilini kilinitaka nikae, na hata yeye alinipa ruhusa kwa mkono. Lakini nilimwona mama mwenye nyumba wangu katikati ya wanawake, vidole vyake bado vina udongo. Hakuwa ananitazama mimi. Alimkazia macho katibu, na hakuonekana kama mtu aliyejibiwa.

"Na ikiletwa," nikauliza, "utatuambia kabla ya lori?"

"Kaa chini, mwalimu." Alisema kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko ukali.

Sikukaa. Nilishika mgongo wa benchi lililokuwa mbele yangu, nikamwuliza tena, kwa maneno yaleyale, polepole zaidi.