Kiswahili cha Bwana Lucien

Harufu ya seleri ikichemka na pilipili manga ndiyo inayonirudisha Brussels. Kama umewahi kupita uwanja wa Grand-Place wakati wa soko la Noeli, utaijua. Inakufikia kabla hujakiona kibanda chenyewe, nzito, yenye chumvi, imejipenyeza katikati ya mvinyo wa moto na sukari iliyoungua. Ni konokono wa baharini wanaopikwa kwenye sufuria kubwa. Wenzangu wakisema Noeli kwao inanukia keki, mimi nawaza konokono.

Nilikuwa na miaka tisa, katika miaka ile ya tisini. Nilizaliwa Likasi, mji wa Katanga, nikiwa na tundu moyoni. Nikikimbia kidogo tu, midomo hugeuka zambarau, nami huchuchumaa, magoti kifuani, mpaka pumzi irudi. Watoto wa mtaani kwetu waliniita Chura, lakini walinisubiri. Masista wa parokia yetu wakapata watu Ubelgiji waliopokea wagonjwa kama mimi, na sista mmoja akanisafirisha, akanikabidhi kwa wenyeji wangu uwanja wa ndege, akaendelea na safari yake. Mama hakupata viza.

Wenyeji wangu walikuwa wazee wawili wa mtaa wa Saint-Josse, Madame Odette na mumewe, Lucien. Kifaransa changu kilikuwa nyimbo mbili na siku za juma. Lakini masista walikuwa wamemtuliza mama: yule mzee alikaa miaka mingi Katanga, kwenye migodi, Kiswahili anakijua. Mama alimshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza ni Kiswahili gani.

"Kuja," aliniambia mlangoni. "Vaa." "Kula." "Funga mulango." "Lala." Sauti nzito, bila jina langu, bila neno la mbele wala la nyuma. Kwetu hata mbwa huambiwa maneno mengi kuliko hayo. Baba yangu, fundi wa mitambo mgodini, alikuwa na mchezo wake wakati wa chakula: anakunja uso, anatunisha kifua, ananguruma "Mbiyo! Mbiyo!" kama mabwana Wazungu wa zamani, nasi tunacheka mpaka bukari, ugali wetu, inatuponyoka mdomoni. Sasa bwana wa mchezo wa baba alikuwa amekaa mbele yangu, ananikatia mkate. Sikuona cha kuchekesha.

Bibi yangu alizoea kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka mapema nikatafuta jembe langu. Nilipata ufagio nyuma ya mlango wa jikoni, nikaanza kufagia ngazi. Sikufika mbali. Mzee alinikuta nimechuchumaa, nahema, ufagio bado mkononi.

"Wacha!" alifoka, akaninyang'anya. "Wacha!"

Nikajua nimefagia vibaya.

Chumba changu kilikuwa na karatasi za maua ukutani na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Nikishalala nilijifunika blanketi mpaka kichwani, nikasema maneno ya nyumbani kwa sauti ya chini, umeshiba, sogea kidogo, nani amechukua kandambili zangu, ili tu nisikie mtu akiyasema.

Upasuaji ulipokaribia, Madame Odette alishikwa na mafua, lakini hakutaka nilazwe hospitali bila kuona taa za Noeli. Mzee akanipeleka. Tulishuka kwenye tramu tukaingia uwanja ule wa majumba yenye dhahabu, mti mrefu katikati, na zizi la kondoo wa kweli karibu na Mtoto Yesu wa mbao. Watu walikuwa wengi kuliko sokoni kwetu, na ilionekana kila mmoja ameshikana na mwenzake. Mzee alinunua bakuli la konokono, akamchomoa mmoja kwa kijiti, akaniletea mdomoni.

"Kula."

Nilimweka shavuni. Sikujua kama ninaruhusiwa kumtema.

Baada ya hatua chache pumzi ilikata, nikachuchumaa. Mzee aliinama. "Simama," alisema. Nikasimama, nikaendelea kutembea. Nikachuchumaa tena. "Simama! Simama!" Sauti yake ilikuwa imebadilika, nami nikaona ni hasira. Nikasimama. Nakumbuka mawe yaliyolowa, miguu ya watu, na konokono wangu akianguka chini.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya mwanamke mweusi aliyenukia dawa ya kusafishia sakafu. Alikuwa anatoka kazini, alisafisha maofisi upande wa Schuman, na alikuwa amesikia mtu akipiga kelele kwa Kiswahili.

"Mwana, unasikia namna gani?"

Tangu niondoke Likasi hakuna aliyeniuliza hivyo. Nililia kwanza.

"Niko na moyo mubaya," nilimwambia. "Nikichuchumaa, pumzi inarudia. Lakini bwana hataki. Kila mara anasema nisimame."

Maman yule, kama tunavyomwita kila mama kwetu, alimgeukia mzee akamweleza kwa Kifaransa. Niliuona uso wa mzee ukibadilika. "Mais non," alikana, tena na tena, akinyoosha kiganja mbele kama mtu anayezuia gari.

"Bon," maman aliniambia. "Anasema alitaka upumzike. Kwake 'simama' njo kusema kuacha kutembea. Vile walikuwa wanaambia camion, lori za mugodi."

"Na kazi?" nikauliza. "Kwake nitafanya kazi gani?"

Alinifuta machozi. "Kazi? Ulikuja sababu ya moyo, mwana. Kazi hakuna."

Kisha akamtafsiria hilo pia. Mzee alikaa chini pale pale, kwenye mawe yenye maji, na koti lake zuri, watu wakimpita. Alimuuliza maman kitu kwa sauti ndogo. Maman akamjibu kwa neno moja.

"Polé," mzee aliniambia, akilivuta mwisho wake kama Kifaransa. "Polé."

Maman alikuwa na watoto wanaomsubiri. Nilishika kitenge chake nikamwomba aende nami. Alinifungua vidole polepole, akasema atapita kuniona kazi ikimwachia nafasi. Sikumwona tena, wala jina lake sikuliuliza. Mzee alinibeba mgongoni mpaka kwenye teksi.

Hospitali alikuja kila siku. Amri ziliisha. Alikaa mikono magotini, ananitazama, anasubiri nimpe neno, nami nikimpa analirudia mpaka linakaa. Alipenda zaidi "umelala muzuri?" Aliniuliza hivyo asubuhi, mchana, hata wakati nala supu. Jioni alipoondoka na taa ya ukumbini kupunguzwa, bado nilimlilia mama. Neno moja au mawili hayakutosha kuzuia hilo, na wala hakujaribu kunidanganya kwamba yangetosha.

Sasa nimempita umri mama yangu wa wakati ule, na ninaelewa. Mtu anaweza kukaa nusu ya maisha yake kati ya watu na kuchukua katika lugha yao yale tu anayohitaji kutoka kwao. Bwana Lucien alijifunza Kiswahili kwa watu wasioruhusiwa kumjibu. Alipozeeka akaletewa mtoto wa kumpenda, akatafuta mfukoni, akakuta amri tupu. Katika nyumba ile tulikuwa wapweke wawili, na mimi nilijua habari za mmoja tu.

Niliporudi Likasi, midomo yangu ikiwa na rangi ya watu, baba aliniuliza, "Yule muzungu, Swahili anaijua kweli?"

"Anaanza kujifunza," nilimjibu.

Baba alicheka. "Miaka yote ile kwenye mine, njo anaanza?"

Nilicheka naye. Leo ningemwambia: ndiyo, papa, alianza akiwa mzee kabisa, na alikuwa mwanafunzi mzuri.