Mapapai Matatu na Ng'ombe Aliyeyeyuka

Aibu hii nimeikalia miezi minane, na ningeikalia mpaka kaburini lau si watu wa Timbwani kuisimulia kila mmoja kwa namna yake, hata juzi nikamsikia kinyozi akisema eti nilikamatwa na paja zima la ng'ombe chini ya kanzu. Basi heri niseme mwenyewe.

Mimi ni fundi wa friji, lakini barazani jina langu ni Profesa. Si kwa kusoma (shule niliiacha mapema, nayo haikunililia), ni kwa sababu kila asubuhi, kabla kahawa haijamiminwa, huwa na jambo nililolisoma kwenye simu: kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba mbu anayetuuma ni jike peke yake, kwamba asali ikitunzwa vizuri haiozi. "Haya Profesa, leo wajua nini?" wenzangu huniuliza, nami huwajibu, na wallahi dakika ile ndiyo iliyokuwa raha yangu ya siku nzima. Ujuaji ni maradhi, na mimi yalikuwa yamenikolea.

Sasa, dada yangu Mwanasha alikuwa anamwoza binti yake Riziki kwa kijana wa Mishomoroni. Wakwe wakatuletea ng'ombe mzima wa biriani, ng'ombe mwenyewe mzee, nadhani rika langu, na mpishi wetu Mzee Hamisi alipomwona akatikisa kichwa tu. Siku moja kabla ya karamu nyama ikakatwa, ikaletwa kwangu ilale kwenye friji sita za wateja zilizojaa uani, na Mzee Hamisi akanipa papai bichi.

"Kesho asubuhi ukwaruze kipande kama kiganja kwa kila sufuria, uipake," akaniambia. "Kiganja, usizidishe." Akaenda zake kutafuta kuni.

Kiganja. Kwa nini kiganja? Maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesoma kwamba utomvu wa papai bichi una kimeng'enya, kitu kinachokatakata nyama kama linavyofanya tumbo, na mimi, mjomba wa bibi harusi, mtu mwenye sayansi kichwani, nitapimiwa papai kwa kiganja na mzee asiyejua hata jina la hicho kimeng'enya? Nikamwomba jirani mapapai mengine mawili, makubwa, nikayakwaruza yote matatu jioni ile ile, ganda na utomvu wake, nikaipaka nyama mpaka ikageuka nyeupe, nikafunga friji, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda jema.

Asubuhi Mzee Hamisi alibonyeza pande moja, kidole kikatokea upande wa pili. "Umepaka kiasi gani?"

"Kiasi," nikamjibu.

Ikaingia jikoni. Kufika adhuhuri hakuna nyama, ni rojo zito la masala na mifupa inaogelea ndani, mifupa mitupu, imesafika kama imepigwa sabuni. Na wageni walikuwa washaketi mkekani wanne wanne, masinia yanangojwa. Tukapakua, tungefanyaje?

Wanaume wa Mishomoroni wakaanza kupekua wali kwa vidole. Wakapekua, wakatazamana. Mzee Athumani, ami yake bwana harusi, akainua mfupa mmoja juu kila mtu auone.

"Ng'ombe wetu tulimleta na nyama," akasema kwa upole, upole ule wa kuogofya. "Ililala kwa nani?"

"Kwa mjomba wa bibi harusi," mtu akajibu (na alikuwa wa kwetu, namjua). "Ana friji sita."

Mwanasha akanivuta kando. "Kaka, mwanangu leo anakwenda kukaa na watu hawa. Asiende akaitwa mtoto wa wezi. Sema kitu."

Laiti angeniambia ninyamaze. Nikachukua kipaza sauti cha watu wa kaswida, nikakohoa. "Ndugu zangu, nyama haikuibiwa. Nyama imemeng'enywa."

"Na nani?"

"Na papai."

Walicheka mpaka wazee wakashikilia kofia. Nami badala ya kuketi nikasema nitawaonyesha papo hapo, nikaagiza nyama buchani na papai. Mabichi nilikuwa nimeyamaliza, yakabaki yale mabivu ya kuburudisha wageni, nikachukua moja la hayo hayo, nikaipaka nyama kibakulini (kwamba papai likiiva nguvu ile hupungua sana, nilikuja kulisoma baadaye, maana siku ile nilikuwa nimeishia kichwa cha habari). Nusu saa nzima watu wamekizunguka kibakuli. Mzee Athumani akaitoa ile nyama, akaivuta kwa mikono miwili, ikakataa.

"Ya buchani haiyeyuki," akasema. "Inayeyuka ya kwetu tu."

Hapo wakaenda uani kwangu, nyumba ya pili na kwa Mwanasha, kufungua friji moja moja, na cha pekee walichokuta ni maini aliyonunua mke wangu, chakula changu cha jioni, yakapitishwa mkono kwa mkono kama ushahidi. Nikainua macho, nikamwona Riziki dirishani, hina mikononi, analia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mara akatokea Bi Mwanakheri, nyanya yake bwana harusi, na bakora yake na sahani tupu. "Nani kasema nyama haimo?" akauliza. "Mimi sina hata jino moja. Harusini nala wali na mchuzi nikiwatazama mnavyotafuna. Leo nimekula ng'ombe. Athumani."

"Naam, mama."

"Acha kutafuta kwa vidole. Onja kwa ulimi."

Mzee Athumani akarudi kwenye sinia, akaonja lile rojo. Akaonja tena, taratibu, uso umemshuka. "Imo," akasema, akaketi, na wenzake wakaketi, wakala.

Riziki akaondoka kwa heshima yake. Alipokuja kuniaga aliniinamia sikioni: "Mjomba, inshallah nikijaliwa mtoto, usije ukapika." Mwanasha alikaa mwezi mzima hasemi nami, na tangu hapo kila karamu kazi yangu ni kupanga viatu vya wageni, navyo watu hunihesabia.

Siku ya kwanza niliporudi barazani walikuwa wananingoja, meno nje. "Haya Profesa, leo wajua nini?"

Mzee Hamisi alikuwa amekaa pembeni, kikombe mkononi.

"Kiganja kimoja kwa kila sufuria," nikasema, nikamwomba radhi mbele yao wote.