Msimamizi aliniambia nimwage hamira yangu, nikaomba nijaribu mara moja tena

Wakuu, habari zenu. Niko nyumbani Nyamwaga, Tarime, mvua imetufungia ndani, acha niwasimulie kilichonipata chuoni. Sitatia chumvi.

Nasoma masters ya biology. Utafiti wangu ni wa hamira, hii hii ya maandazi.

Ndani ya seli ya hamira kuna nyuzi nyembamba za protini inayoitwa actin. Seli inazijenga, inazitumia, kisha inazivunja na vipande vinajenga nyingine.

Inayokata nyuzi zilizozeeka ni protini nyingine, cofilin. Mimi nilitaka kujua inasaidiwa kiasi gani na mwenzake, Aip1.

Nikachukua hamira isiyo na Aip1, nikaitia dawa inayozuia nyuzi mpya zisijengwe. Kwa kawaida zile za zamani zinakatwa na kuisha haraka.

Zangu zikabaki.

Msimamizi wangu, mama mkali ila mtu wa haki, akaangalia picha. "Dawa yako imeharibika. Mwaga, anza upya."

Muda wangu ulikuwa umebaki kidogo. Na baba alishaniambia, "Mwanangu, ukikwama rudi, shule ya Kerende wanatafuta mwalimu."

Kufundisha ni kazi nzuri tu. Ila sikutaka niikimbilie kwa kushindwa.

Nikamwambia, "Madam, kama dawa ni mbovu, hata hamira ya kawaida haitabadilika. Naomba nizijaribu zote mbili kwa chupa hiyo hiyo."

Akafikiri. "Haya, fanya."

Hamira ya kawaida, nyuzi zikaisha tunaziona kwenye microscope. Yangu, bado zipo.

Kisha nikairudishia hamira yangu jeni ya Aip1. Nikaitia dawa ile ile.

Nyuzi zikakatika vizuri kabisa.

Madam aliziangalia zote tatu kwenye microscope, moja baada ya nyingine. Halafu akageuka. "Nilikosea. Andika."

Nikampigia baba. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Hizo nyuzi zako zimekatika?"

Sikujua kama alikuwa anafuatilia. "Zimekatika, baba."

"Basi maliza kwanza, ndiyo uje."

Nilichojifunza: ukiambiwa kazi yako ni mbovu, usigombane na usinung'unike. Tafuta jaribio litakaloonyesha nani yuko sahihi, hata kama litakuumbua wewe mwenyewe. Madam hakunionea, aliuliza swali ambalo hata mimi ningemuuliza mtu.

Wewe ulishawahi kuambiwa utupe kazi unayoiamini? Ulifanyaje? Na wataalamu wa seli mnikosoe bila huruma, nasoma comment zote.