Mtangazaji wa Mechi za Nyumbani

Ukitaka kumwona mtangazaji wa timu yetu akiwaka, mwambie watu wa Mtwara hawapendi mpira. Kila siku ya mechi ya nyumbani mimi ndiye ninayemzungusha kwa bajaji, Rahaleo mpaka Likombe, naye kakaa nyuma amekumbatia kipaza sauti kama mtoto mgonjwa. Kabla ya kusema lolote hukigonga kwa kidole mara mbili. Sauti yake imeshakauka. "Shikamooni wazee! Leo saa kumi, timu yenu!" Hilo "yenu" hulitoa kwa ukali, kama anamsuta mtu. Watu hunyanyua vichwa, nusu yao wamevaa jezi za timu za Dar, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Jumamosi iliyopita timu ziliingia uwanjani, majukwaa matupu. Akatukana kimoyomoyo, nikaona midomo tu, halafu akavuka barabara hadi kibanda cha kuonyeshea mpira. Kilikuwa kimefurika hadi mlangoni, watu wanatazama mechi ya Dar, na kwenye kiti cha mbele kabisa amekaa mwenyekiti wa timu yetu. Mtangazaji akagonga kipaza sauti kwa kidole, mara mbili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, vijana wako wako uwanjani hapo ng'ambo. Wanauliza kama umefiwa, waje kukupa pole."

Mwenyekiti akageuza shingo kidogo, macho bado yako kwenye skrini.

"Kwani leo tunacheza?"