Uchafu wa Gita ya Ochieng

Leo nimetengeneza gita vizuri mpaka mwenyewe akataka kulia.

Ochieng aliileta asubuhi, swichi imekufa. Nikaacha redio za transista za watu, nikaibadilisha.

Lakini nyuzi zilikuwa zinakwaruza. Kuangalia, kuna kijiti chini yake, kimebandikwa kwa nta. Uchafu gani huu? Nikakitupa. Sauti ikawa laini kabisa!

Ochieng akaijaribu. Akaipindua, akachungulia chini ya nyuzi.

"Bwana fundi, kijiti kiko wapi? Kilitoka kwa nyatiti ya baba, kinubi chetu cha Kijaluo. Ndicho kinakoromesha hii gita kama nyatiti!"

Na jioni yeye na bendi yake wanapiga muziki Kaloleni.

Fundi mzima nikapiga magoti jalalani, nagombana na kuku. Nikakipata, nikakirudisha. Gita ikakwaruza vibaya sana.

"Sasa imepona, daktari!"

Nikitengeneza, mtu anataka kulia. Nikiharibu, naitwa daktari. Nifanye kazi gani, jamani?