Mgeni Haulizwi Kama Anataka

Kitenzi cha Kiingereza “want” binti yangu alikizoea mapema kuliko vingine vyote. Shuleni kwao mtoto huulizwa anataka kalamu ya rangi gani, anataka kukaa na nani, anataka kuwa nani. Nilifurahi. Mimi nililelewa upande wa Momela, mlimani, ambako mtoto hakuulizwa, na hata chuo kikuu ilinichukua muda kumweleza mtu ninachokitaka bila kuinamisha macho. Niliona kwamba anayekuuliza unataka nini amekubali kuwa una nafsi yako.

Kisha kaka yangu mkubwa akaja kwangu mjini, Themi. Hakuwa amekanyaga nyumbani kwangu tangu tumzike baba, ambaye aliuachia ukoo neno kwamba shamba la juu, lililo kando ya mfereji, liwe langu. Kaka hakukubali kwamba dada aliyeolewa apewe sehemu yenye maji, na tangu hapo hatukusemezana. Jumamosi hiyo alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. Nilijua amekuja kwa ajili ya shamba. Nilijua pia kwamba kwetu neno zito halifunguliwi kabla mgeni hajatia kitu kinywani.

“Shikamoo, mjomba,” binti yangu alisema.

“Marahaba, mama. Umerefuka, utaipita migomba ya babu yako.”

“Mjomba, unataka chai au juisi?”

Kaka alinitupia jicho. “Sitaki kitu, mama. Nimeshiba.”

Alikuwa ametoka mlimani alfajiri, na midomo yake ilikuwa imekauka. Lakini angejibu nini? Kwetu mgeni huwekewa. Ukimuuliza, umempa kazi ya kuomba, na mtu mzima haombi chakula, sembuse kwa dada aliyemnunia. Swali ambalo kwa Kiingereza humpa mtu uhuru lilikuwa limemwachia kaka yangu jibu moja tu. Nami sikuweza kumbishia, maana ningemfanya mwongo mbele ya mpwa wake.

Tuliongea juu ya mvua. Tuliongea juu ya kahawa. Kisha akaishika kofia vizuri.

“Basi, nilikuwa napita tu.”

“Kutoka Momela hadi Themi, unapita kwenda wapi?”

“Kwenda nyumbani.”

Niliingia jikoni nikamimina chai, nikapasha ndizi zilizobaki mchana, nikaviweka mbele yake bila kumuuliza.

“Mama, si amesema hataki?” binti yangu alininong’oneza, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia.

“Nimesema,” kaka alijibu. “Mama yako ndiye hasikii. Hata babu yako alimlalamikia hivyo hivyo.”

Akakivuta kikombe. Alikunywa taratibu, akala ndizi zote, akafuta vidole kwa leso.

“Lile shamba la juu,” alisema hatimaye, “maji hayafiki tena. Walio juu yetu wameyageuzia kwao. Nikienda kwa wazee wa mfereji kudai zamu ya maji, wananiuliza mwenye shamba ni nani.”

“Nawe unawajibu nini?”

Alikisogeza kando kikombe kitupu.

“Ndiyo maana nimekuja kukuuliza ni lini utapata nafasi,” alisema, “twende ukawajibu mwenyewe.”

Jumatatu niliomba ruhusa kazini.