Mpelelezi wa Kikundi Chetu

Wakati ule wa vita mjini Beni, mashariki mwa Kongo, sikuweza kutulia. Mlango ukigongwa tu, nilikuwa nimeshasimama. Ndiyo maana nilipenda jiografia: mwalimu wetu, mtu wa Kasai, mbali kule katikati ya nchi, aliyeletwa na serikali, alitutoa darasani. Alitupa swali, kakao ya Kamango ikivuka mpaka wa Uganda pale Kasindi inafika wapi? Alituchagulia kurasa za intaneti za kusoma, akapanga hatua za kufuata, na kila mmoja akapewa kazi kwenye kikundi. Wengine wawe wakulima, wengine wafanyabiashara. Mimi, kwa kuwa nina mdomo, nikawa wa kuchunguza.

Kiswahili chake alikitoa kwenye kamusi. Alitafuta “enquêteur”, yaani mchunguzi kwa Kifaransa, akapata “mpelelezi”, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Tulicheka sana. Kwetu mpelelezi ni yule anayewaonyesha waasi nyumba za kuvamia. Yeye alidhani tunacheka matamshi yake, naye akacheka.

Tukiwa njiani kwenda kwenye kompyuta za mtaa wa Mulekera, askari wa kizuizi akanisimamisha.

“Weye, unaenda kufanya nini kule?”

“Mwalimu alinituma. Niko mupelelezi!”

Lilinitoka kwa hasira, maana nilikuwa nimechoka kuulizwa kila kona. Askari hakucheka. Alinishika mkono, akaniketisha chini nyuma ya magunia ya mchanga. Wenzangu wakatimua mbio kumwita mwalimu. Niliogopa, jamani.

Mwalimu alifika anahema, chaki imejaa mikononi. Alisema na mkubwa wao kwa Lingala, akaonyesha shule, akaeleza somo, akaeleza tena. Mkubwa alichoka kusikiliza.

“Donc, huyu mutoto ni mupelelezi ao hapana?”

Mwalimu alinitazama pale chini nyuma ya magunia. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kamusi: “Mpelelezi ni mimi. Mtoto aende nyumbani.”

Waliniachia palepale, yeye wakampakia garini. Nilimkasirikia njia nzima. Kwa nini hakuendelea kueleza?

Nyumbani mama alichukua simu awapigie ndugu za mwalimu. Ana mke? Anatoka mji gani kule Kasai? Nilizunguka kwa wenzangu wote, nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyewahi kumuuliza.